Kuanzisha Biashara ya Kusambaza Nguo kwa Jumla: Mwongozo Kamili kuanzia Mtaji hadi Mzigo wa Pili

Msambazaji wa nguo kwa jumla hufanya kazi tatu ambazo kiwanda hakitaki kuzifanya na mwenye duka hana uwezo nazo. Huvunja mzigo mkubwa kuwa mafungu madogo, hutunza akiba ya saizi na rangi zote mpaka zitakapohitajika, na hubeba muda, yaani hulipia leo nguo ambazo mwenye duka atazilipa baada ya wiki kadhaa au miezi. Kazi hii ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi wanaoanza, kwa sababu haionekani. Mtu huona nguo zimejaa ghalani, huona daftari limejaa majina ya wateja, lakini hana fedha ya kuagiza mzigo unaofuata.

Kwa hiyo katika mwongozo huu kila hatua inapimwa kwa swali moja: je, uamuzi huu unaifanya fedha irudi mapema au unaichelewesha? Msambazaji anayepata faida ya asilimia 15 kwa kila mzunguko na kuzungusha fedha yake mara tano kwa mwaka hupata asilimia 75 ya mtaji wake. Mwenzake anayejivunia asilimia 30 lakini akazungusha mara mbili tu huishia na asilimia 60.

Hatua ya kwanza: Chagua uwanja mwembamba

Kosa la kawaida ni kutaka kuuza kila aina ya nguo. Hesabu yake ni hii: mitindo 10, kila mmoja katika rangi 4 na saizi 5, ni bidhaa 200 zinazojitegemea. Kila moja inahitaji akiba yake, nafasi yake kwenye rafu na mstari wake katika daftari. Ukiwa na vipande 4,000 vya mitindo hiyo, una wastani wa vipande 20 tu kwa kila saizi ya kila rangi, na mteja mmoja wa wastani anaweza kumaliza saizi ya kati kwa siku moja. Kuanzia hapo mtindo huo ni saizi zilizovunjika: ndogo sana na kubwa sana zimebaki, za katikati hazipo, na hakuna mwenye duka anayetaka mabaki hayo kwa bei ya kawaida.

Gawa nguo katika makundi mawili. Kuna nguo za msingi, kama fulana za rangi moja, soksi, nguo za ndani, sare za shule na nguo za kazi, ambazo huuzwa mwaka mzima na hazipitwi na wakati. Kisha kuna nguo za mitindo, ambazo hutoa faida kubwa kwa wiki chache na kuwa mzigo uliolala baada ya hapo. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuweka sehemu kubwa ya mtaji katika nguo za msingi, hata kama faida yake kwa kipande ni ndogo, kwa sababu kosa la kuagiza nyingi kupita kiasi hurekebishwa na muda. Ukikosea katika nguo za mitindo, kila siku inayopita inakuongezea hasara.

Kabla ya kuchagua, tembelea maduka 15 hadi 20 ya rejareja yanayouza aina unayoifikiria. Usiulize kama wangenunua kwako, maana wengi watakujibu ndiyo kwa adabu. Uliza ni saizi zipi humalizika kwanza, mzigo mpya huwachukua siku ngapi kuwafikia, na wanalipa kwa masharti gani. Penye malalamiko ya kuchelewa au ya saizi kupungua ndipo penye nafasi yako. Ikiwa lalamiko pekee ni bei, fikiri mara mbili, kwani atakayekuja baada yako naye anaweza kushusha bei.

Hatua ya pili: Hesabu siku kabla ya kuhesabu faida

Chukua karatasi uandike siku ambazo fedha yako itakuwa nje. Tuseme unalipa arbuni leo, kiwanda kinashona kwa siku 45, meli inachukua siku 35, forodha na usafiri wa nchi kavu siku 10, nguo zinakaa ghalani wastani wa siku 40, na wateja wanalipa siku 30 baada ya kuchukua. Jumla ni siku 160, na mwaka una mizunguko miwili na kidogo tu. Ukinunua kwa msambazaji mkubwa aliyeko karibu, bei ya kila kipande itakuwa juu zaidi, lakini mzunguko unaweza kushuka hadi siku 50 au 60. Ndiyo maana mara nyingi namshauri mwenye mtaji mdogo aanze kwa kununua karibu, ajue kwanza soko lake linakula saizi gani, kisha ndipo aagize kutoka mbali.

Usitumie mtaji wote kununua nguo. Theluthi moja hivi ibaki kwa ajili ya ushuru, usafiri, pango la ghala, mishahara ya miezi ya kwanza na pengo kati ya kuuza na kulipwa. Mzigo uliokwama bandarini kwa sababu mwenyewe hana fedha ya ushuru hutozwa ada ya kuhifadhiwa kila siku, na ada hiyo inaweza kula faida yote kabla kontena halijafunguliwa.

Hatua ya tatu: Usajili, leseni na lebo

Sajili biashara, pata namba ya mlipakodi, leseni, na kibali cha kuingiza bidhaa ikiwa sheria ya nchi yako inakidai. Hayo yana taratibu zake zilizo wazi, na wakala mzuri wa forodha atakuelekeza. Jambo linalosahaulika ni lebo. Nchi nyingi hudai nguo itaje aina ya nyuzi na asilimia zake, na baadhi hudai pia nchi ilikotengenezwa. Alama za ufuaji na upigaji pasi katika nchi nyingi zinafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 3758. Nguo za watoto zina masharti ya ziada: Marekani na Uingereza, kwa mfano, zina kanuni za kushika moto kwa nguo za kulalia za watoto, na Ulaya ina kiwango cha EN 14682 kuhusu kamba na vifungio vya nguo za watoto, kwa sababu kamba ya kofia inaweza kumnyonga mtoto.

Usiguse nguo zenye nembo za kughushi, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba zinapita. Chini ya mkataba wa TRIPS kuhusu haki miliki, ulioanza kutumika mwaka 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, nchi wanachama zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kuzuia bidhaa za nembo bandia mpakani. Mzigo ukikamatwa, umepoteza bei yake yote na kujiwekea alama mbaya kwa forodha.

Hatua ya nne: Tafuta anayekuuzia

Utakutana na wauzaji wa aina tatu: kiwanda chenyewe, kampuni ya kati inayokusanya kutoka viwanda vingi, na masoko ya jumla yenye nguo zilizokwisha kushonwa. Kiwanda hutoa bei ya chini lakini hudai kiasi cha chini cha oda, mara nyingi kwa kila mtindo na kila rangi, kwa kuwa kupaka rangi jora chache hakumlipi mwenye mitambo. Kampuni ya kati huongeza bei yake, ila hukubali kuchanganya mitindo katika oda moja. Katika soko la jumla unaondoka na mzigo siku hiyohiyo, lakini huna hakika ya kupata nguo ileile mwezi ujao.

China ina aina nyingi kuliko mahali pengine popote, na maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, msimu wa kuchipua na wa vuli. Bangladesh inajulikana kwa oda kubwa za fulana, mashati na suruali. Uturuki hutafutwa na wanaotaka oda ndogo zinazowahi, hasa kwa soko la Ulaya. Ukinunua China, weka kalenda mbele yako: mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na oda zinazokimbizwa kabla ya hapo ndizo zenye mishono mibovu zaidi.

Muulize muuzaji nguo zako zitashonwa katika jengo gani, na kama kazi itagawiwa kwa viwanda vingine. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka karibu na Dhaka na kuua zaidi ya watu 1,100 waliokuwa wakishona nguo za masoko ya nje. Baada ya msiba ule baadhi ya wanunuzi walisema hawakujua kwamba oda zao zilishonwa mle. Anayenunua nguo kwa maelfu ana wajibu wa kujua.

Hatua ya tano: Sampuli, vipimo na ukaguzi

Hapa pana kazi kubwa kuliko hatua nyingine zote, na muda utakaoutumia hapa utakuokolea fedha. Anza na karatasi ya vipimo. Iandike aina ya kitambaa na uzito wake, urefu wa nguo, upana wa kifua, urefu wa mkono, idadi ya mishono kwa sentimita, rangi ya uzi, mahali pa lebo, na tofauti unayoweza kuvumilia kwa kila kipimo, kwa mfano sentimita moja ya ziada au pungufu kwenye kifua. Bila karatasi hii huna hoja siku ya mgogoro. Muuzaji atasema nguo ni nzuri na wewe utasema si nzuri, na hakuna wa kuwaamua.

Dai sampuli iliyoshonwa kwa kitambaa kitakachotumika kwenye oda yenyewe. Ukiikubali, itieni sahihi pande zote mbili, moja ibaki kiwandani na nyingine ubaki nayo wewe. Kabla ya kuikubali, ijaribu mwenyewe kwa vifaa vya nyumbani.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwenye mizani ndogo, kisha zidisha kwa 100. Kikiwa na gramu 1.8, kitambaa ni cha gramu 180. Fulana nyingi za kawaida ni kati ya gramu 140 na 180, na muuzaji anayetaka kupunguza gharama kimyakimya huanzia hapa. Kujua kama kitambaa hurudi, yaani hupungua, kikifuliwa, chora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, kifue mara tatu na ukikaushe, kisha pima tena. Mraba ukibaki na sentimita 48, umepoteza asilimia 4. Rangi ijaribu kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya nguo mara kumi. Ikiwa inachuja pale, itachuja kwenye beseni la mteja. Nyuzi nazo hujitambulisha kwa moto: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu. Nguo ya mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

Mzigo ukikamilika, na kabla hujalipa salio, fanya ukaguzi wa sampuli kwa utaratibu wa ISO 2859-1, ambao wakaguzi wa nguo wengi duniani wanautumia. Kwa oda ya vipande 1,200, kiwango cha kawaida cha ukaguzi hudai vipande 80 vichaguliwe bila mpangilio kutoka katoni mbalimbali. Kwa kikomo cha kasoro zinazovumiliwa (AQL) cha 2.5, kasoro kubwa zikiwa 5 au pungufu mzigo unapita. Zikifika 6 unakataliwa. Kwa kasoro ndogo, ambazo kwa kawaida huwekewa kikomo cha 4.0, mzigo hupita na 7 na kukataliwa na 8. Kasoro kubwa ni kama tundu, zipu isiyofunga, au lebo ya saizi isiyolingana na nguo. Uzi uliobaki ukining'inia ni kasoro ndogo. Katoni za kukaguliwa zichague wewe au mkaguzi uliyemlipa, kwa maana katoni anayokuletea mwenye kiwanda ameshaijua.

Panga malipo yafuate ukaguzi. Mpangilio unaotumika sana ni arbuni ya asilimia 30 na salio la asilimia 70 baada ya ukaguzi kupita na kabla ya mzigo kuondoka. Atakayedai malipo yote mapema kwa oda ya kwanza, mwache.

Hatua ya sita: Safirisha, ukijua gharama inakoishia

Masharti ya usafirishaji yanayotolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara, ambayo toleo lake la sasa ni la mwaka 2020, ndiyo yanayosema nani analipa nini na hasara ni ya nani. Kwa EXW unachukua mzigo mlangoni mwa kiwanda na kila kitu ni chako. Kwa FOB muuzaji anaufikisha melini katika bandari yake. Kwa CIF muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari yako, na wengi hudhani kwamba hasara ya njiani ni yake pia. Sivyo: hatari huhamia kwako mzigo unapopakiwa melini, na ada za bandari unayopokelea hubaki kwako. Mimi napendelea FOB kwa anayeweza kupata wakala mzuri wa usafirishaji, kwa sababu anaona nauli halisi.

Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na la futi 40 takriban 67. Usipofikia kiasi hicho, utachangia kontena na wengine na kulipa kwa mita ya ujazo. Kwa ndege, uzito hulinganishwa na ujazo: katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ina sentimita za ujazo 96,000, na ukigawa kwa 6,000 unapata kilo 16. Katoni hiyo ikiwa na majaketi mepesi ya kilo 9, bado utatozwa kilo 16, lakini ikiwa na jinzi za kilo 25 utatozwa 25.

Sasa gharama halisi ya kipande. Tuseme bei ya kiwandani ni 100, nauli na bima 12, na ushuru ni asilimia 25 ya jumla hiyo, kama inavyohesabiwa katika nchi nyingi, yaani 28. Ongeza ada za bandari na wakala 6, na usafiri hadi ghalani 4, unapata 150. Kama asilimia 3 ya nguo hazitauzika kwa sababu ya kasoro, gawa 150 kwa 0.97, kipande kizuri kimekugharimu karibu 155. Anayepanga bei kutokana na ile 100 anajidanganya kwa zaidi ya nusu.

Angalia pia namba ya forodha ya bidhaa. Nguo zilizofumwa kwa vitanzi vya uzi, kama fulana na sweta, ziko katika sura ya 61 ya mfumo wa kimataifa wa uainishaji, na zilizoshonwa kwa kitambaa cha nyuzi zilizopishanishwa, kama mashati na jinzi, ziko katika sura ya 62. Ushuru unaweza kutofautiana, na ankara, orodha ya ufungashaji, hati ya shehena na cheti cha asili vinapaswa kukubaliana neno kwa neno.

Hatua ya saba: Ghala

Unyevu huleta ukungu, kwa hiyo katoni zikae juu ya paleti, mbali na ukuta, na vifuko vya kunyonya unyevu viwemo ndani. Kila katoni iandikwe mtindo, rangi, saizi na idadi kwa nje, na kila mzigo uhesabiwe siku unapoingia. Hesabu sehemu ndogo ya ghala kila wiki badala ya kusubiri hesabu moja ya mwaka, kwani upotevu uliogunduliwa baada ya miezi kumi hauna wa kuulizwa.

Hatua ya nane: Bei, mafungu na mali kauli

Uza kwa fungu lenye mgao wa saizi. Fungu la dazani lenye S mbili, M nne, L nne na XL mbili hulinda mzigo wako usivunjike saizi, na mwenye duka naye hupata rafu iliyokamilika. Mruhusu mteja mzuri kununua saizi mojamoja pale tu unapokuwa na akiba ya kujazia.

Tofautisha nyongeza ya bei na faida ya mauzo. Ukiongeza asilimia 25 juu ya 155 utauza 194, na faida yako ni asilimia 20 ya mauzo. Ukitaka asilimia 25 ya mauzo, gawa 155 kwa 0.75, nawe utauza karibu 207. Punguzo kwa wanaonunua mafungu mengi litoke katika hesabu hii.

Mali kauli, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, itaombwa tangu siku ya kwanza, na kuikataa kabisa ni vigumu. Lakini pima uzito wake: kama faida halisi baada ya gharama zote ni asilimia 10 ya mauzo, deni la 1,000 lisilolipwa linakudai uuze 10,000 ili tu kurudi ulipokuwa. Mizigo miwili ya kwanza ya kila mteja iwe taslimu. Baadaye mpe kikomo kisichozidi anachonunua kwa mwezi, kwa maandishi na tarehe ya kulipa, na asipewe mzigo mpya hadi amalize uliopita. Kila wiki panga madeni kwa umri wake: chini ya siku 30, siku 30 hadi 60, na zaidi ya 60. Mawakala wako wa mauzo walipwe kamisheni fedha inapoingia, si mzigo unapotoka, la sivyo watamuuzia kila anayekubali kuchukua.

Hatua ya tisa: Mzigo wa pili

Siku ya 30 baada ya mzigo kuingia, toa orodha ya mauzo kwa mtindo, rangi na saizi. Usiangalie jumla peke yake, kwani mtindo unaoonekana umesimama huenda umekosa M na L tu. Saizi zinazouzwa ziagizwe kwanza. Kama fulana nyeusi inauzwa vipande 10 kwa siku na mzigo huchukua siku 90 kufika, agiza akiba ikifika 900, pamoja na ziada ya wiki mbili au tatu kwa ajili ya ucheleweshaji. Ambacho hakijauza nusu yake kwa siku 60 kishushwe bei mara moja, na kikifika siku 90 kiuzwe kwa bei inayorudisha fedha ya mtaji au hata pungufu yake, ili fedha hiyo iingie kwenye saizi zilizokwisha. Mtindo mpya, hata ukikuvutia kiasi gani, ununue kwa faida iliyokwisha kulipwa mkononi, usiugharimie kwa mtaji wa nguo za msingi.